Mkutubi Anadhani Nafuga Nyuki, Nami Sina Hata Chumba

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimejiingiza mwenyewe kwenye shida na sioni pa kutokea.

Mimi ni mama wa binti mmoja wa miaka minne, baba yake alikwenda mji mwingine kutafuta kazi na mpaka leo sijui kama kazi aliipata au yeye ndiye aliyepotea, na miezi mitatu iliyopita mwenye nyumba alikitaka chumba chake kwa ajili ya mwanawe aliyeoa, nikatoka na mabegi mawili na sufuria. Fundi cherehani mmoja, rafiki wa marehemu mama yangu, anatuachia sakafu ya kibanda chake tulale, ila saa mbili asubuhi wateja wanaingia, kwa hiyo tunakunja mkeka, tunanawa bombani, tunaondoka, na maktaba ya umma inafunguliwa saa tatu na haimuulizi mtu ametoka wapi.

Huko ndiko tunakoishi, nisikufiche. Choo ni kisafi, maji yanatoka, simu nachaji, mtoto ana kona ya watoto yenye zulia na vitabu vya picha, herufi zote amezijulia pale, na kompyuta wanakupa nusu saa, mimi natumia kuomba kazi. Tatizo ni usingizi. Sakafu ya fundi ina pini na binti yangu analala kama anaogelea, ikifika saa tano macho yanajifumba yenyewe, na ukutani wamebandika kwamba hapa hapalaliwi. Ndipo nikatafuta kitabu cha kujificha nyuma yake. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha ufugaji wa nyuki, kinasimama chenyewe mezani kama mlango, nikawa nakichukua kila siku, nakifungua katikati, naegemeza shavu kwenye ngumi, nasinzia kwa heshima.

Wiki iliyopita mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, akaja akasimama mbele yangu.

"Mama, nimekuwa nikikuangalia. Miezi mitatu, kitabu kimoja. Unafuga?"

Nimetoka usingizini, sijui hata niko wapi, nikasema, "Kidogo."

"Mizinga mingapi?"

"Sita."

"Unaiweka wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

Binti yangu aliyekuwa chini na picha zake akainua kichwa. "Mama, nyumba ipi?"

Nikamwambia, "Soma, mwanangu." Mkutubi akacheka, akasema watoto wa siku hizi wanataka kujua kila kitu.

Sasa kuna klabu ya wasomaji inakutana Jumamosi, amenipangia nusu saa nizungumze juu ya nyuki, ameshaandika kwenye ubao wa matangazo, na mlinzi wa mlangoni ameanza kuniita Mama Asali. Jana kaniambia, "Zangu chupa mbili usisahau, mke wangu ana kikohozi." Nikamjibu, "Sawa, kaka." Mshauri, sijui kwa nini nilisema sawa.

Nikisema ukweli naogopa wataniona tapeli wanifukuze, na mtoto wangu atashinda wapi, juani? Tena wakijua hatuna makazi, nani ajuaye kama hawatakuja watu kumchukua? Je, nihamie ile maktaba ya ng'ambo ya mji, ambayo ni mwendo wa saa mbili na haina kona ya watoto, au nikariri kitabu nisimame kama mwenye mizinga? Nimeanza kukisoma kweli, nimefika kwenye sura ya malkia, na ni kitamu, lakini siku zinakwisha.

Ni mimi, Mama Asali asiye na asali.

*

Mama Asali, pole sana. Nimecheka, nisikudanganye, halafu nikafika kwa mtoto anayeuliza nyumba ipi, nikaacha kucheka.

Kusinzia kwa uchovu si kosa la kukupotezea raha. Kukosa chumba si kosa hata kidogo. Kosa lako ni ile mizinga sita. Kwa nini sita, mdogo wangu? Hata mmoja ungetosha kukuumbua.

Kuhama, hapana. Huko ng'ambo nako utasinzia, na sijui nyuma ya kitabu gani, labda cha mabomba, tukuone Jumamosi nyingine umeitwa kuziba bomba. Kukariri nako hapana. Kila klabu ina mzee wa kiti cha nyuma aliyewahi kufuga kweli, naye hajapata wa kubishana naye mwaka mzima. Atanyoosha mkono.

Hofu ya kunyang'anywa mtoto naielewa, na siwezi kukuapia kwamba kila afisa ni mwema. Ndiyo maana unahitaji mtu mzima wa kusimama upande wako, aliyemwona mtoto huyo akija amenawa, amechanwa nywele, akijifunza herufi siku baada ya siku. Mtu huyo unaye, ndiye unayemkimbia. Na usidhani hana macho. Msomaji wa miezi mitatu ambaye hajaazima hata kitabu kimoja kwenda nacho nyumbani, unafikiri hajajiuliza?

Kwa hiyo kesho mwache mtoto kwa fundi, uwahi kabla wasomaji hawajajaa, umwombe mkutubi pembeni. Mwulize ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi na umwone nani. Mwulize kama barua zako za kazi zinaweza kupitia maktaba, maana mwajiri hakuandikii kibandani. Mwulize ile kona ya watoto inasimamiwa na nani, kwa sababu wewe unaijua kuliko wengi na huenda wanahitaji msaidizi. Jumamosi akikutaka bado, simama useme umesoma, usiseme unafuga. Asipokutaka, kaa usikilize. Huyo mlinzi mwambie leo hii asali hakuna, ampeleke mkewe zahanati.

Inawezekana mkutubi atakasirika. Mtu akidanganywa ana haki ya kununa kidogo, mvumilie. Ila usianze na nyuki, ukianza na nyuki utazunguka mpaka jioni. Anza hivi: "Sina nyumba, nina mtoto, naomba msaada." Kisha nyamaza, umwache na yeye aseme.