Wakulima Elfu Kumi Wasiosalimia

Nzuguni,
Dodoma.
12 Desemba 2024

Mpendwa Hamidu,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana nikisubiri shikamoo yako nitazeeka. Wiki hii nimekupigia mara tisa. Basi nimechukua kalamu, nitazipiga picha kurasa hizi na kukutumia huko Johannesburg. Picha huwa unafungua.

Sisi afya tunazo. Natumaini mkeo na watoto hawajambo, na kwamba kile kikohozi chako kimekwisha. Mama yako Mishi goti linamsumbua, lakini bado anapanda na kushuka vilima vya Kolo kuliko wajukuu zake. Mvua zimeanza vizuri. Presha yangu nayo ilikuwa nzuri mpaka Jumapili, niliposoma ulichokiandika kwenye kundi la ukoo.

"Watumiaji hawakufuata maelekezo." Maneno matatu. Nimesoma hotuba za wakoloni, nimesoma ripoti za miradi iliyokufa, na nakuhakikishia hakuna mradi uliowahi kufa bila mtaalamu kusimama juu ya kaburi lake na kusema maneno hayo.

Nitakueleza ulichokifanya, kwa sababu nadhani hukijui.

Umoja wetu wa wakulima wa alizeti ulitaka watu waombe mbegu kwa meseji. Unatuma namba ya kadi yako, mfumo unakujibu siku na ghala la kuchukulia. Dada yako Naima ndiye aliyeajiriwa kuuangalia. Wewe uliletwa kama mshauri, uthibitishe kwamba siku ya kufungua, watu elfu kumi wakituma kwa pamoja, mfumo hautaanguka. Ili kuupima mkatengeneza wakulima elfu kumi wa kubuni ndani ya kompyuta. Mimi si mtu wa kompyuta, ila nimesoma vya kutosha kujua kwamba mkulima wa kubuni hana akili yake. Anafanya alichoandikiwa kwenye skripti: maelekezo mafupi yanayoiambia programu ya majaribio mtu huyu aje vipi, aseme nini, akikataliwa afanyeje. Ukiandika skripti mbaya, umepima watu wasiokuwepo duniani.

Naima aliandika mistari sitini. Alinisomea hapa sebuleni, mmoja mmoja. Katika kila watu watatu, mmoja aanze kwa salamu. Wengine wataje jina la baba na kijiji kabla ya namba ya kadi. Akiambiwa amekosea, asubiri dakika moja arudie, na arudie tena. Na akishajibiwa vizuri, aseme asante. Hilo la asante lilinichekesha, nikamwambia umezidi sasa.

"Ba'mdogo," akasema, "wewe ukijibiwa vizuri huwa unanuna?"

Nikanywa chai yangu.

Ulipopiga simu Oktoba aliiweka spika, kwa hiyo nilikusikia kwa masikio yangu.

"Naima, acha uswahili. Mashine haisalimiwi."

"Kaka, mashine haisalimiwi, lakini mtu anasalimia."

"Watafundishwa. Toa hizo mbwembwe, ripoti inatakiwa kesho."

Jioni ile ile ukamwandikia barua pepe: futa yote, tumia skripti ya mfano iliyokuja na programu. Akafuta. Wakulima wako elfu kumi wakatuma namba, wakapokea jibu, wakaondoka kimya. Gwaride la askari! Hakuna aliyekosea, hakuna aliyerudi kuuliza, hakuna aliyetuma kwa niaba ya jirani asiye na simu. Ukaandika kwamba mfumo umefaulu, ukapanda ndege.

Tarehe mbili Desemba, saa mbili asubuhi, wakafungua. Nilikuwa na simu mkononi, maana na mimi nina ekari zangu tatu. Nikaandika, "Habari za kazi. Naomba mbegu," kisha namba ya kadi. Jibu: "Ujumbe si sahihi. Jaribu tena." Hamidu, mimi ninayeandika makala magazetini kwa miaka ishirini, nimeambiwa na kopo kwamba ujumbe wangu si sahihi! Nilijaribu mara nne kabla ya kuelewa kwamba kosa langu ni adabu.

Wenzangu hawakuelewa. Waliendelea kusalimia, na kila walipokataliwa walizidisha heshima, wakidhani wamemuudhi mtu wa ofisini. Na hata waliofanikiwa hawakupona. Mtu anapewa siku na ghala, anashukuru, asante yake inajibiwa "Ujumbe si sahihi," anadhani amenyang'anywa zamu, anaanza upya. Saa nne mfumo ukalemewa, ukazimika. Ulikaa hivyo siku tatu, mvua ikanyesha siku ya pili, na watu hawawezi kuiambia mvua ijaribu tena. Wamechota alizeti ya kukamulia mafuta wakaipanda. Watavuna mabua.

Naima amenionyesha orodha ya meseji zilizokataliwa. Zaidi ya elfu nne zina neno moja tu: Shikamoo. Nilikuwa napitisha kidole, nikafika kwenye hii, naiandika kama ilivyo: "Asalaam aleikum poleni na kazi. Mimi mama Hamidu wa Kolo naomba mbegu mkijaliwa."

Imekataliwa mara sita. Hakuandika namba ya kadi kwa sababu alidhani jina lako linatosha.

Usiniambie angefundishwa. Mama yako amefundisha ukoo mzima kuomba kitu kwa heshima, na wewe ukiwemo. Kazi yako ilikuwa kumjua yeye kuliko anavyojulikana na mtu wa Bangalore au wa Berlini aliyeandika ile skripti ya mfano. Ndiyo maana walikuita wewe na si mtu huyo wa mbali. Lugha ya skripti ipo ili mtu mwenye akili aingize ndani ya kipimo yale anayoyajua kuhusu watu wake. Wewe ulikuwa na dada aliyeyajua, aliyekwisha kuyaandika, na ukaona haya. Nasema haya, si haraka. Uliogopa wenzako wa huko wakisoma skripti yenye "shikamoo" ndani wakuone mshamba.

Sasa sikiliza lililonifanya niandike. Meneja wa umoja wetu, Batholomeo, amemwita Naima mbele ya kamati tarehe kumi na tisa, Alhamisi ijayo. Shitaka ni uzembe, na kwa uzembe wanafukuza. Kwenye skripti iliyotumika kuna jina la Naima, kwa kuwa yeye ndiye aliyebonyeza kuianzisha. Jina lako limo kwenye ripoti tu, chini ya neno "umefaulu," na Batholomeo anasema mshauri alifanya kazi kwa alicholetewa.

Nikamwambia Naima: ipo barua pepe ya Oktoba, ichape, iweke mezani, kesi imekwisha. Akakataa. Nimefoka, unanijua. Nimempigia mifano ya historia mpaka majirani wakazima redio wasikilize. Akaningoja nimalize, akasema, "Ba'mdogo, Hamidu akianguka, mama atamtaja nani?"

Niliondoka pale nikaenda kusimama uani.

Ningekuwa na barua pepe hiyo ningekuanika bila kupepesa jicho. Sina. Iko kwenye simu yake, na simu ile ina namba ya siri, na mtoto yule ana msimamo kuliko sisi wawili. Maneno yote haya niliyonayo, ambayo watu wananiogopea, hayawezi kumsaidia. Mistari yako mitano inaweza: kwamba aliandika skripti sahihi, kwamba wewe ulimwamuru aifute, basi. Mwandikie Batholomeo kabla ya Jumatano. Usiniandikie mimi, usimwandikie Naima kumwomba radhi, usiweke chochote kwenye kundi la ukoo.

Shangazi yako Evodia wa Miyuji anakusalimu, na Iddy ameoa. Mama yako hajui lolote, anaulizia kikohozi chako. Mungu akulinde huko uliko, na akupe mkono usiotetemeka kwa mistari mitano.

Ni mimi, ninayekupenda na ninayeudhika kwamba bado nakupenda,
Baba yako mdogo,
Mbwana