Dakika Ishirini kati ya Eldoret na Kisumu

Alhamisi. Mvua ya mchana imenyesha hapa Khayega ikakatika. Uzito nilio nao haukukatika nayo.

Mama, baba mdogo, wazee wa ukoo, mchungaji, ndugu zangu, majirani. Ndivyo nilivyoanza leo kwenye kikao cha mazishi ya baba, uani kwa baba mdogo. Sauti yangu ilikuwa tulivu.

Niliwaeleza kilichonichelewesha, na hapa nakiandika bila kujitetea.

Jumatatu baba alizidiwa hospitalini Kisumu, akaomba niitwe haraka. Alitaka kuniambia mimi, kifungua mimba wake, mahali pa kumzika: hapa Khayega walikolala wazazi wake, au Mautuma, kwenye shamba alilohamia ujanani na kutulea.

Ndege za Nairobi kwenda Kisumu zilikuwa zimejaa. Ya Eldoret ilikuwa na kiti kimoja. Mtandaoni nikasoma umbali kati ya viwanja hivyo viwili: kilomita kama themanini, dakika kama ishirini angani. Nikakata tiketi nikiamini kwamba nikitua Eldoret nitaunganisha ndege nyingine.

Hakuna nyingine.

Mhudumu aliniambia kwa upole kwamba tovuti hizo hupima mstari tu, na hakuna ndege ya abiria inayoufuata. Mimi ninayefundisha Jiografia. Mimi ninayewakata wanafunzi alama wanaposahau kwamba barabara hupinda.

Nikakodi teksi. Lori lilikuwa limeanguka na kuziba njia ya Kapsabet, tukazunguka kupitia Turbo na Kakamega. Nikiwa Turbo nilimpigia baba mdogo, aliyekuwa kando ya kitanda, nikamwambia nilipofika. Nilipokaribia Khayega, akanipigia yeye.

Baba alikuwa ameondoka. Alichotaka kuniambia, aliondoka nacho.

Kwa hiyo kikao kilipasuka. Mdogo wangu Shivachi alitaka Mautuma. Baba mdogo, tangu Jumatatu, alikuwa ameshikilia Khayega. Nilipojaribu kupatanisha, Shivachi aliuliza kama mwalimu wa ramani aliyepotea njia ndiye atakayetuonyesha kaburi. Wachache walicheka chinichini. Sikuwalaumu.

Ndipo baba mdogo akasimama, akavua kofia.

"Mwanangu, ulipopiga simu nilimwambia baba yako umefika Turbo. Akasema, 'Basi amefika nyumbani.' Hakusema lingine."

Kila mtu pale anajua kwamba Turbo ndiko tunakoiacha barabara kuu kwenda Mautuma.

"Nilinyamaza," akaongeza, "kwa sababu nilitaka nibaki naye hapa."

Angeweza kunyamaza milele. Shivachi aliinamisha kichwa, akaenda kumshika mkono.

Mimi bado najiuliza: ningesubiri kiti cha Kisumu, ningemkuta? Swali hilo nitaishi nalo. Lakini kikao kilihitaji jibu, nami nikalitoa, nikiwatazama wote.

Kesho mwili utatoka Kisumu na kulala hapa Khayega usiku mmoja, katika ua wa wazazi wake, ili ndugu yake akeshe naye. Jumamosi asubuhi tutampeleka Mautuma. Vijana waanze kuchimba kule kesho, na baba mdogo ndiye atakayeonyesha mahali.

Nami nitakaa ndani ya gari la maiti, kando yake, barabara nzima, kona zote.