Nilisema Saa Kumi

Tolliver, Arkansas
Jumapili, 14 Septemba

Mdogo wangu Oleta,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Conway, na ule mgongo umekupa nafuu tangu uache kuinamia bustani ya maharage. Watoto natumaini wanakula na wanalala. Mimi ni mzima, ila miguu inauma kama ya mzee. Hapa bado wanasimulia yule samaki wangu, trauti wa kahawia wa mwaka ule, nami siwakatazi. Wakisema alikuwa na ratili ishirini, nasema ishirini na mbili. Unanijua.

Ulichoniandikia nimekisoma mara nne. Umesema Alhamisi ndiyo siku ya kusikilizwa kesi yako na bwawa, nivae tai, niseme vile vile nilivyosema kwenye mazishi: kwamba tulipiga simu asubuhi, simu ikasema maji yatafunguliwa saa kumi, nao wakayafungua saa saba. Umesema na wewe utashika Biblia uape kwamba uliniona kwa macho yako nikipiga simu jikoni kwako. Na umesema ofisi ya bwawa imeandika kuwa mumeo Hoyt alikufa majini kwa uzembe wake, na maneno hayo huwezi kukubali watoto waje kuyasoma.

Kwa hiyo naandika. Purvis wa duka la chambo anakuja huko kesho kuchukua mzigo, nimemwomba akupe mkononi.

Mto wetu unaujua. Asubuhi, mitambo ya bwawa la Sorrel ikiwa imelala, maji hayafiki goti na mtu anavuka kwa miguu hadi kwenye fungu la kokoto katikati. Mchana watu wa mjini wakiwasha viyoyozi, bwawa linafunguliwa. Tulipokuwa siku ile mimi na Hoyt, maili tatu chini, king'ora hakisikiki, na maji yenyewe yanachukua karibu saa nzima kufika. Halafu yanaanza kujaa nyuma yako, kwenye kile kijito ulichovukia, wewe ungali umekodolea macho uzi wako. Ndiyo maana kila mtu hapa hupiga ile namba ya simu ya bwawa kabla ya kuvaa suruali ya mpira. Purvis huandika saa ya maji kwa chaki kwenye ubao mlangoni pake. Miaka ishirini nimepita mbele ya ubao ule bila kugeuza shingo. Niliwacheka. Niliwaambia maji nayanusa, kwamba mawe yenyewe hubadilika harufu, na wageni wakaniamini, wengine wakaniomba niwafundishe kunusa.

Asubuhi ile ulikuwa unakaanga mayai. Hoyt alinitania mezani mbele ya watoto, akasema, "Shemeji, hiyo pua yako haijaajiriwa na bwawa. Piga simu." Watoto wakacheka. Nikamjibu kwamba kama anaogopa maji abaki akushikie kikaango. Naye akacheka, lakini akanisukumia kiti kwa mguu kuelekea kwenye simu. Nikainuka. Hapo ndipo uliponiona, na hapo husemi uongo. Nilipiga.

Oleta, sikuwahi kupiga ile namba maishani mwangu. Nilidhani atapokea mtu aseme maji ni saa fulani. Kumbe ni mashine inayosoma namba tupu. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, halafu arobaini, halafu themanini, mbio mbio kama kwenye mnada wa ng'ombe. Namba moja kwa kila saa, kuanzia saa sita usiku, na saa yenyewe haitajwi. Ni wewe uhesabu, ujue ile ya ngapi ndiyo ya kwanza isiyo sifuri, na ujue pia arobaini ni maji ya goti au ya kifua. Haya nimeelezwa na Purvis mwezi wa saba. Siku ile sikujua hata moja. Penseli yako ilikuwa inaning'inia kwa uzi pale pale ukutani, na sikuishika, kwa sababu nilikwisha kujisifu kwamba kichwa changu hakihitaji karatasi. Mashine ikamaliza. Ningeweza kupiga tena. Ningeweza kumwita Hoyt asikilize, yeye alimaliza shule. Niliona watoto wananitazama, nikarudisha simu ukutani, nikasema saa kumi. Nilisema saa kumi kwa sababu nilitaka kuvua mchana.

Njiani tulipita kwa Purvis. Ubao ulisema saa saba. Huu nao niliuona, ingawa nilijifanya natazama upande wa pili. Nikajiambia Purvis amekosea.

Tulipofika majini, Hoyt na lile goti lake bovu alisimama ukingoni, akauliza, "Una hakika, shemeji?" Nikamwambia mto huu umenilea. Akavuka. Mimi nilibaki ng'ambo ya huku nafunga ndoano, na maji yakaja yakamzingira kule kwenye kokoto. Hata ile hadithi ya kwamba niliogelea yadi mia kumfuata, iliyowaliza kanisani, sikuogelea. Niliingia hadi kiunoni, maji ya baridi ile yakanikata pumzi, nikarudi. Alikuwa ameshaacha fimbo yake ya kuvulia, suruali imejaa maji, ananyoosha mkono upande wangu. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri aambiwe la kufanya, mpaka maji yakamchukua.

Miezi minne nimekuacha uwachukie watu wa bwawa. Niliona ni afadhali uwachukie wao. Usiape Alhamisi. Mwambie wakili wako asimamishe kesi. Barua nyingine kama hii nilimpelekea sherifu jana kituoni kwake cha polisi, kwa mkono wangu, na Alhamisi nitakuja mwenyewe kusema haya haya. Nikifika usinipishe kiti karibu yako. Sikuombi unisamehe, ningekuwa nakuongezea kazi.

Msalimie mama mkwe wako, najua hatazipokea salamu. Wasalimie watoto. Kama hawataki tena kuniita mjomba, usiwalazimishe. Ila waambie jambo moja kabla hawajalisikia kwa watu: baba yao hakuwa mzembe. Alitaka simu ipigwe, ikapigwa. Akauliza kama nina hakika, akajibiwa. Alimwamini kaka wa mke wake.

Ni mimi,
Verlon