Yoga Bila U

Wodi ya Wanawake,
Alhamisi, 5 Septemba 2024

Kwako Mama,

Salamu nyingi sana. Habari za hapo mtaani Jericho, na mguu wako je? Mimi napata nafuu, ingawa selimundu hii ya damu ni ileile. Juzi ilinishika magoti na mgongo mpaka nikalia. Nakuandikia karatasi kwa sababu simu ilianguka, kioo kikafa. Jirani yetu Batulo, si unajua anafua mashuka hapa hospitalini, amekubali kuwa posta yetu.

Habari njema ni kwamba daktari ameongeza kitu juu ya dawa. Kila Jumatano anakuja dada mmoja, Habon, anatupa yoga. Mama, inasaidia! Nikipata yoga hata usingizi unakuja. Shida ni kwamba tunapata kidogo tu, na wiki ni ndefu.

Usiache cherehani kwa ajili yangu.

Bintiyo,
Jacky


Jericho,
Jumapili, 8 Septemba 2024

Kwa binti yangu Jacklyne,

Pokea salamu zangu na za kina mama wote wa kanisa. Mguu umepona, sasa unanisumbua tu nikikanyaga pedali. Namshukuru Mungu kwamba unalala.

Lakini miaka kumi na miwili shuleni na bado hujui kuandika! Ni UYOGA, mwanangu. Nyinyi na Sheng yenu, hata uyoga mmeukata kichwa. Tena si "inasaidia", ni "unasaidia".

Sikujua unatuliza maumivu. Nyanyako aliupenda sana ule wa kwenye kichuguu. Hapa sokoni hakuna, nimeenda mpaka Kariobangi nikakosa, Donholm ndiko nimeuona. Jumatano nafunga kazi mapema nikuletee hotpot nzima, ufike ukiwa moto. Ule ushibe, na huyo Habon umgawie.

Mamako,
Roseline


Wodini,
Alhamisi, 12 Septemba 2024

Mama,

Habari yako siwezi kuuliza, kwa sababu mimi ndiye niliyeiharibu.

Yoga si chakula. Ni mazoezi ya kunyoosha mwili polepole na kupumua, huku ukiyasikiliza maumivu bila kupigana nayo. Barua yako ilinifikia Jumatatu na nilijua umekosea. Badala ya kukujibu, niliisomea wodi nzima. Tukacheka. Hilo hukulijua, na naona ni lazima nikuambie.

Kwa hiyo jana ulipoingia, sisi tumekaa vitandani tumefumba macho, ukafungua hotpot na kusema, "Nimeleta wa kuwatosha wote," walikuwa wanakungoja. Msichana wa kitanda cha nne akaangua kicheko, wengine wakafuata. Wewe ukatabasamu, ukidhani wamefurahi.

Habon ndiye pekee ambaye hakucheka. Akaniuliza, "Huyu ni mamako?" Nikasema, "Zii, ni jirani tu."

Ukanitazama. Ukaweka hotpot juu ya kabati, ukasema, "Mwambie mamako nilifika." Ukaondoka ukichechemea.

Naona aibu, Mama. Hata Batulo nashindwa kumtazama usoni. Nisamehe. Nijibu hata neno moja.

Jacky
("bintiyo" sijui kama bado ninaruhusiwa kuandika)


Wodini,
Jumatatu, 16 Septemba 2024

Mama,

Natumaini u mzima. Batulo amekuja mara tatu, mikono mitupu. Nikimuuliza anasema, "Nimempa," basi, anaendelea kukusanya mashuka.

Jumamosi ilinishika tena, mapaja na kifua. Waliniwekea dripu na dawa, na wakati nikingoja dawa ifanye kazi nikafanya kama Habon anavyotufundisha. Vuta pumzi, itoe taratibu, kisha yataje maumivu yako wapi. Hapa pajani. Hapa ubavuni. Kila nilipoyataja yalilegea kidogo. Halafu nikajaribu kuitaja aibu iko wapi, nikashindwa. Ilikuwa kila mahali.

Jana niliwaambia wote, kitanda kwa kitanda, kwamba yule alikuwa mamangu. Wa kitanda cha nne alilia, eti hata yeye mamake hajaja kumwona tangu Agosti.

Uyoga niliula siku ileile, umeshapoa. Sikubakisha hata mchuzi. Hotpot nimeiosha.

Bintiyo, ukikubali,
Jacky


Jericho,
Jumanne, 17 Septemba 2024

Jacklyne,

Mimi ni mzima. Kifua kimetulia? Batulo ameniambia jana umekula na umetembea mpaka dirishani, nikashukuru.

Kuchekwa si neno. Na nikuambie ukweli, hata mimi nilishuku. Hospitali gani inatibu watu kwa uyoga? Lakini niliona haya kuuliza, nikajifanya mwalimu wa Kiswahili.

Lile la jirani liliniuma. Sitakudanganya. Nilirudi nikaketi kwenye cherehani, nikashona mkono wa kulia wa blauzi ya mteja upande wa kushoto, nikaufumua, nikarudia kosa lilelile. Barua zako nilizisoma. Kila nikishika kalamu yalikuja maneno makali, nikaona heri ninyamaze kuliko nikuumize ukiwa kitandani.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Huu wako wa mifupa mimi siujui. Miaka kumi na tisa nauona kwa nje tu, nashika mguu wako nikiomba, sina lingine ninaloweza. Kama kuna cha kujifunza, nataka kukijua, ili ukirudi nyumbani usikae ukiingojea Jumatano.

Basi nimemtuma Batulo amuulize Habon kwa simu kama jirani anaweza kuja kufundishwa hiyo yoga yenu isiyo na U. Habon amejibu kwamba wazazi tu ndio wanaoruhusiwa.

Kesho nakuja. Nimejishonea suruali ya kitenge, kubwa, ya kunyooshea miguu. Mkitaka kucheka, chekeni, safari hii nitacheka nanyi.

Lakini mlangoni nitaulizwa mimi ni nani. Mimi sitajibu. Jibu nimekuachia wewe.

Mamako,
Roseline