Mmea Nilioulisha Omena

Baba,

Mlafi, ule mmea wako wa kula wadudu, hakuuawa na maji ya Mama Akinyi. Acha niseme hilo kwanza, kabla aibu haijanikaba nikaanza kuzungukazunguka.

Ulimtoa kwenye bustani uliyokuwa ukitunza Lavington, mwenye nyumba alipohama. Ukamtundika mlangoni petu Kabiro, vikombe vyake vya majani vinaning'inia. "Nekesa, kuja uone." Chungu akatembea juu ya mdomo wa kikombe bila shida. Ukalowesha kidole, ukaupaka mdomo ule maji. Chungu wa pili, wueh! Pu, ndani. "Ukikauka ni barabara," ukasema, "ukilowa ni mtego." Mimi nilijua ya shuleni tu, kwamba mle ndani mna asidi ya kumyeyusha mdudu, mmea upate nitrojeni ambayo udongo wa kwao hauna. Wewe hukusoma, lakini uliona.

Maji ya bomba yalikuwa na chumvichumvi, Mlafi hakuyataka. Alitaka ya mvua. Jirani yetu Mama Akinyi ndiye aliyekukingia, maana nyumba yake ilikuwa na gata ya kukusanya maji ya paani.

Halafu ukaenda Bungoma kumzika shangazi, ukaniachia Mlafi. Watoto wa ploti yetu wakaja kumwona akila, nami na maringo yangu nikaona nzi hawatoshi. Nikamtia omena, vile vidagaa vikavu, kikombe baada ya kikombe. Uliporudi alikuwa ameoza, ananuka. Ukaniuliza kumetokea nini.

"Ni maji ya Mama Akinyi," nikasema. "Alikingia na beseni ya sabuni."

Na wewe, mtu wa kusalimia mpaka mbwa wa watu, hukumsalimia tena. Mwaka uleule akahamia mtaa wa Lindi, humuhumu jijini. Nilipata miaka minane ya kukuambia, hata pale hospitalini nikikushika mkono, na kila mara nikazungumzia mengine. Naona haya, Baba. Naona haya mpaka kalamu inanishinda.

Juzi nilisoma kwamba wataalamu wameiga mdomo wa mimea kama Mlafi, wanapaka vitu utelezi kama huo ili uchafu usishike. Na huko Asia kuna watu wanapikia wali ndani ya vikombe hivyo! Nikashika simu nikupigie. Nikakumbuka. Nikaiweka, nikatoka kwenda Lindi.

Nilimkuta Mama Akinyi akipanga nyanya kwenye kibanda chake. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakunitukana, afadhali angenitukana.

"Kumbe ni hiyo," akasema. "Miaka yote namuuliza Mungu nilimkosea nini baba yako."

Akapanga nyanya nyingine.

"Sasa mimi nimejua. Yeye je?"

Ndiyo maana naandika. Hakukukosea kitu, Baba. Ni mimi. Nilikunyang'anya rafiki, nawe ukazikwa ukiniamini.

Pumzika, kama unaweza.

Binti yako,
Nekesa