Wewe Ndiye Uliyefunga Springi Zile

Kwako Mama Kiprono, mke wangu,

Siku tuliyokuzika, wasifu wako ulisomwa vizuri. Walisema ulikuwa mama mpole, mtu wa kanisa, mkulima hodari wa chai na mahindi. Yote ni kweli. Lakini nilikaa pale kiti cha mbele nikingoja wautaje mlango wa gereji, na hawakuutaja, kwa sababu mimi sikuwa nimewaambia. Watoto wetu wengine walikuwa hawajazaliwa wakati ule, na Kiprono alikuwa bado ananyonya. Kwa hiyo naandika. Wewe unayajua yote haya, lakini nataka kuyasema mwenyewe, bila kujipendelea.

Unakumbuka chumba chetu nyuma ya nyumba ya bwana meneja, kule kwenye shamba la chai nje ya Kericho? Ilikuwa miaka ile ya hamsini, nami nilikuwa dereva wake. Gereji yake ilikuwa na mlango mmoja mpana wa mbao nzito, uliopanda kwa reli mbili mpaka ukalala chini ya dari. Springi mbili ndefu, moja kila upande, ndizo zilizobeba uzito wote. Mtu aliuinua kwa mkono mmoja akadhani ana nguvu.

Alhamisi ile, bwana na mkewe, memsahib, wakiwa wamekwenda Nairobi kwa gari la moshi, nilikuwa nafunga mlango springi ya kulia ikakatika. Ililia kama bunduki. Kipande cha chuma kikanipiga, vidole viwili vya mkono wa kulia vikavunjika. Mlango ukashuka upande mmoja, ukakwama kwenye reli, motokaa ikiwa ndani. Na Jumamosi mchana bwana alitarajia kunikuta stesheni ya Lumbwa. Dereva aliyenitangulia alifutwa kwa kuchelewa mara moja tu, na ulikuwa ukijua kwamba kazi ikienda, chumba nacho kimeenda.

Ijumaa asubuhi wakaja wanaume sita. Walisukuma, wakapiga kelele, mlango ukazidi kupinda. Nyapara wao akaitazama springi ya kushoto iliyokuwa bado imevutika, akarudi nyuma.

"Hiyo nyingine ikikatika itaua mtu," akasema. "Acheni. Fundi atoke Nakuru."

Fundi wa Nakuru angefika baada ya wiki mbili. Wanaume wakaondoka. Mimi nikaketi kwenye debe, mkono umefungwa bendeji, nikaanza kufikiria tungebeba nini na kuacha nini.

Wewe ulikuwa umesimama kando muda huo wote, mikono umekunja. Ulipita mlango mdogo wa jikoni, ukaingia gereji, ukaizunguka motokaa polepole ukitazama juu. Kisha ukaniuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wa wale sita aliyeliuliza.

"Baba Kiprono, hii springi inavuta wakati gani? Mlango ukiwa chini, ama ukiwa juu?"

"Ukiwa chini."

"Kwa hivyo ukifika juu, inalala."

"Inalala."

"Basi ikilala haiumi mtu. Shida yetu ni kufika juu tu. Jeki iko wapi?"

Nilicheka, nawe hukucheka. Ukaniambia baba yako huko Kabianga aliwahi kuinua ghala la mahindi nguzo zake za chini zilipoliwa na mchwa, na hakuliinua kwa kulisukuma. Aliliinua kidogo huku, akaweka gogo, akaenda upande wa pili akaliinua kidogo, akaweka gogo.

Ulimpeleka mtoto kwa jirani, ukarudi na magogo ya kuni. Mvua ya mawe ilikuwa imeanza kupiga mabati, tukawa tunaongea kwa kupayuka. Mimi nilikuelekeza jeki inawekwa wapi na inazungushwa namna gani. Mikono ilikuwa yako. Ulianza na ule upande uliolala, mpaka mlango ukanyooka, ukatoka pale ulipokwama kwenye reli. Springi ya kushoto ikaguna. Mara gogo moja likateleza, mlango ukashuka na kubana pindo la rinda lako.

"Toka! Toka hapo!" nikapiga kelele.

Ulivuta rinda likararuka, ukalirudisha gogo mahali pake, ndipo ukanigeukia.

"Usiniambie toka. Niambie inayofuata."

Mama Kiprono, nimesikia wanaume wengi wakijisifu katika maisha yangu. Sijasikia neno lililonifunga mdomo kama lile.

Mlango ulipofika usawa wa kifua, uliwaita majirani wawili waliokuwa wakitoka kuchuma chai, vikapu bado mgongoni. Mlisukuma pamoja, mlango ukapanda mpaka mwisho, mkauegemeza kwa milingoti minne ya mkaratusi. Na kweli, ile springi iliyowatisha wanaume sita ikaning'inia imelegea kama kamba ya nguo. Katika stoo kulikuwa na springi mbili mpya zilizoachwa na waliojenga nyumba, zimeviringishwa kwa gunia lenye grisi. Nilikuambia ubadilishe iliyokatika tu. Ukasema hapana, hizi zimezeeka pamoja, zitoke pamoja. Ukazitoa kulabu, ukafunga mpya kulia na kushoto, ukakaza nati kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikakutoka. Halafu, bila kuambiwa na mtu, ukapitisha waya wa seng'enge ndani ya kila springi na kuufunga ncha zote mbili.

"Siku ikikatika," ulisema, "itabaki kwa waya. Haitatafuta vidole vya mtu."

Jumamosi nilifika Lumbwa kabla ya gari la moshi, nikishika usukani kwa kiganja. Tuliporudi nyumbani bwana akakuta springi mpya. Akaushusha mlango, akaupandisha, akafurahi.

"Nani natengeneza hii mlango? Fundi ya Nakuru nakuja?"

Ulikuwa umesimama karibu na bomba la maji, umbali wa hatua kumi. Nami nikasema, "Ni mimi, bwana."

Akanipiga bega. Wewe ukajaza ndoo yako, ukaenda. Kesho yake tukitoka kanisani ndipo uliposema, bila hasira, ukitazama njia:

"Vidole vyako viwili vimevunjika. Bwana anafikiri ulikaza nati kwa meno?"

Hukurudia tena maneno hayo. Ingekuwa afadhali ungenigombeza. Kwa miezi miwili niliufungua mlango ule kila asubuhi, na kila ulipopanda mwepesi nilijisikia mwizi.

Kisha rafiki yake bwana, mwenye shamba upande wa Sotik, mlango wake ukakatika springi vilevile. Bwana akaniita niende nikamsaidie yule mwenzake. Vidole vilikuwa vimepona. Ningeweza kwenda peke yangu na kurudi na sifa ya pili. Lakini nilivua kofia nikasimama pale baraza.

"Bwana, nilidanganya. Aliyetengeneza ni mke wangu. Mimi nilikuwa nimekaa kwa debe."

Alicheka sana, akamwita memsahib aje asikie. Nilisimama tu mpaka wakamaliza kucheka. Kisha nikasema, "Tutaenda naye, ama fundi hakuna."

Tulienda naye. Kule Sotik yule bwana, mke wake na wafanyakazi wao walitoka kutazama, nami nikaegemea motokaa, mikono nyuma, makusudi, ili kila mtu aione pale nyuma. Hukuniuliza hata neno moja. Uliinua, ukaegemeza, ukafunga, ukapitisha waya. Ulipomaliza ulimwashiria memsahib yule aushike mwenyewe, na mlango ukapanda kwa vidole vyake viwili.

Akakuuliza, "Wewe naitwa nani?"

Tangu tuoane nilikuwa nimekusikia ukijibu wazungu ukiangalia chini, "Mimi bibi ya dereva." Siku hiyo ulipangusa grisi kwenye leso, ukamtazama usoni.

"Chelangat," ukasema. "Mimi ni Chelangat, kutoka Kabianga."

Nimekuwa dereva, nimekuwa mkulima, nimekuwa mzee wa kanisa. Hakuna siku kifua changu kilijaa kama pale, nikiwa sina kazi yoyote mkononi, nikikusikia ukilitaja jina lako kwa sauti.

Lala vizuri, Chelangat.

Mumeo, dereva wako,
Baba Kiprono