Mama Amemkanda Mbwa

Malindi, Jumanne, 14 Mei 1985

Mpaka sasa siamini. Mama yangu, ambaye tangu nipate akili hajaruhusu mbwa akanyage hata kizingiti chetu, leo amemshika mbwa kwa mikono yake miwili.

Ni Bosi, mbwa wa jirani yetu Katana. Wiki iliyopita aligongwa na gari, na miguu ya nyuma ikafa ganzi. Daktari wa mifugo alisema hapana budi apigwe sindano ya kufa, na Katana akakubali iwe kesho. Leo mchana kutwa mbwa alilia, na Katana, mtu mzima, akilia kando yake.

Mama alishindwa kuvumilia. Kazi yake ni kukanda wanawake waliojifungua na watu waliopooza. Akachukua mafuta ya uto, akaenda uani kwa Katana.

"Mama, ni najisi!" nilimwambia.

"Najisi itaoshwa, mwanangu. Roho ikitoka hairudi."

Alimkanda kuanzia kiunoni, polepole, akawa anamkunja goti na kumnyoosha. Kisha akambana katikati ya vidole. Mbwa akauvuta mguu! Nilipiga ukelele. Katana akaketi mchangani.

Mama aliosha mikono mara saba, moja kwa udongo, akaenda kuswali alasiri.

Naogopa maneno ya majirani. Naogopa zaidi kwamba mguu ule hautavutwa tena.

Katana amekwenda kumwambia daktari asije. Na Mama amesema kesho yeye ataelekeza tu, mkandaji ni mimi. Mimi!